Mwaka mmoja na mfumo wa kugundua ukatili kwa watoto kwenye rekodi za dharura: naupa nyota 4, na sababu ni hizi

Habari zenu wadau. Haya maoni nimeyaahidi muda mrefu, kila nikikaa kuandika zamu inaniita, leo niko mapumziko kwa hiyo naandika yote kwa mkupuo, mnisamehe nikirukaruka. Mi ni nesi wa dharura upande wa watoto, na kwa mwaka mmoja sasa tunatumia moduli ya kugundua ukatili na utelekezaji wa watoto iliyowekwa ndani ya mfumo wetu wa kumbukumbu za wagonjwa. Jina la kampuni silitaji, la hospitali pia silitaji, kwanza kuna makosa ntayasema humu, pili moduli za namna hii zinafanana sana, ukishaielewa moja umezielewa karibu zote, kwa hiyo kama hospitali yenu inafikiria kununua au kutengeneza ya kwenu soma tu.

Kwa ufupi ina vitu vinne. Kuna maswali sita yanayofunguka mtoto akishapokelewa, kuna mchoro wa mwili wa mtoto ambao unabonyeza pale penye jeraha, kuna ukanda wa juu wa skrini unaoonyesha mara zote alizowahi kuletwa dharura na sababu iliyoandikwa kila mara, alafu kuna alama ya tahadhari ya rangi ya machungwa inayojitokeza mambo fulani yakikutana. Ule ukanda ndo ulionifanya niandike haya, ntaufikia.

Tuanze na maswali. Hayajabuniwa na kampuni, yametoka kwenye fomu ya Uholanzi inayoitwa Escape, na ni mambo ambayo nesi yeyote mzoefu hujiuliza kimoyomoyo. Maelezo ya jinsi mtoto alivyoumia yanabaki yaleyale kila yakirudiwa? Walichelewa kuja bila sababu ya maana? Jeraha linaendana na umri, yaani mtoto wa umri huu kweli anaweza kufanya hicho wanachosema amekifanya? Mtoto na aliyemleta wanavyokaa, wanavyoangaliana, kuna kitu hakiko sawa? Ukimkagua kuanzia utosini mpaka nyayo, unachokiona kinalingana na ulichoambiwa? Na la mwisho, kuna dalili nyingine yoyote inayokupa wasiwasi na usalama wa mtoto huyu au wa mtu mwingine hapo nyumbani? Basi, hayo tu, ukishazoea hayakuli muda.

Mwanzoni niliyaona kama karatasi nyingine ya kujaza, na karatasi za kujaza tunazo za kutosha. Kilichonibadilisha ni utafiti wa huko huko Uholanzi uliochapishwa 2012, ulihusu ziara zaidi ya 104,000 za watoto kwenye idara za dharura za hospitali kadhaa. Februari 2008 watoto waliokuwa wanapitishwa kwenye maswali walikuwa asilimia 20 tu, wakafundisha manesi na kufuatilia mpaka Desemba 2009 wakafika asilimia 67. Sasa kwa waliopitishwa, waliogundulika kuwa huenda wanafanyiwa ukatili walikuwa asilimia 0.5, kwa wasiopitishwa asilimia 0.1. Mara tano. Najua kuna atakayesema labda walioulizwa ni wale ambao manesi walishawatilia shaka tangu mlangoni, na hilo ni swali la haki kabisa, mi mwenyewe nililiuliza, lakini hata ukipunguza kidogo kwa sababu hiyo bado ni watoto wengi ambao wangepita kimyakimya.

Sasa ukanda wa juu.

Wale wa zamani mnakumbuka faili za karatasi, kila ujio faili jipya, mtoto akija usiku masijala imefungwa unaandika kwenye karatasi ya muda ambayo kesho haijulikani iko wapi. Hata kompyuta zilipokuja shida ilibaki, historia ipo lakini imejificha, ubonyeze mara nne au tano kuifikia, na saa nane usiku una watoto kumi na wanne wanasubiri hakuna mtu atabonyeza mara tano kwa ajili ya mtoto anayetapika. Moduli hii imefanya kitu kimoja rahisi sana, imeyatoa yale maneno ya mapokezi kama yalivyoandikwa na kuyapanga mstari chini ya mstari, tarehe, umri wa mtoto siku hiyo, na sababu aliyoisema mleta mtoto. Huyabonyezi, yako tu mbele ya macho yako unavyoandika joto na mapigo.

Ntasimulia kisa kimoja, nimebadilisha mambo ya kutosha ili mtoto asitambulike. Kaletwa kichanga cha miezi mitatu na wiki, anatapika toka asubuhi na anasinzia sinzia. Wazazi wapole kabisa, wana wasiwasi kama mzazi yeyote. Joto la kawaida. Msimu huo matapishi yalikuwa kila kona, kwa hiyo mikono yangu ilikuwa tayari inaelekea kuandika tumbo. Juu ya skrini kuna mistari miwili. Wa kwanza, umri wiki sita: "damu mdomoni, chupa imemkwaruza." Wa pili, umri wiki tisa: "analia usiku kucha, gesi." Na huu wa leo ninaouandika mimi: "anatapika, analala sana."

Kila mstari ukiusoma peke yake hauna kitu. Wenzangu wawili waliompokea mara zile mbili si wazembe, nawajua, na mimi ningeandika hivyohivyo. Lakini ukiisoma mitatu kwa pamoja unaona mtoto ambaye hajaweza hata kujigeuza ametoka damu mdomoni, alafu akawa na maumivu ambayo hakuna aliyejua yanatoka wapi, alafu sasa anatapika na kusinzia bila homa, dalili zinazoweza kutoka kichwani. Nilimwita daktari, nikamwambia tu "soma hapo juu, yote matatu". Alisoma akanyamaza, akamvua mtoto nguo zote, akaomba picha ya kichwa. Kulikuwa na damu kati ya fuvu na ubongo, na eksrei za mwili mzima zikaonyesha mbavu za nyuma zilizovunjika na kuanza kuunga. Ile damu ya mdomoni ya wiki sita, tulivyorudi kuisoma faili vizuri, daktari wa siku ile alikuwa ameandika kwamba kile kijinyama chembamba kinachoshikanisha mdomo wa juu na ufizi kimechanika. Kichanga wa wiki sita. Kile hakichaniki kwa chupa inayotumika kawaida, kinachanika kitu kikisukumwa mdomoni kwa nguvu au mdomo ukipigwa.

Wataalamu wana jina la majeraha madogo kama yale, wanayaita majeraha ya mlinzi, yanayotoa ishara kabla ya lile kubwa. Kuna utafiti wa Marekani wa 2013 ulioangalia vichanga 200 waliothibitika kufanyiwa ukatili, asilimia 27.5 walikuwa wameshawahi kuwa na jeraha dogo la namna hiyo kabla, mengi yakiwa alama za kuvilia damu na mengine ya mdomoni. Wakawalinganisha na vichanga 101 waliochunguzwa ikaonekana hakuna ukatili, kati yao aliyekuwa na jeraha la hivyo hakuna hata mmoja. Kwa hiyo ukanda kwangu una thamani kuliko moduli yote iliyobaki ukiijumlisha.

Na hili si jambo la leo. Uingereza kuna mtoto anaitwa Victoria Climbié, alifariki Februari 2000 akiwa na miaka 8, mwilini alikutwa na majeraha 128. Julai 1999 alikuwa amepelekwa hospitali mbili tofauti ndani ya siku kumi, ya kwanza wakaamua alama zile ni upele, ya pili alikuwa ameungua kwa maji ya moto, na wasiwasi walioandika watu wa chini haukugeuka kuwa kitendo. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming ukatoka 2003 na mapendekezo 108. Leo England wana mfumo unaoitwa CP-IS, mtoto aliye kwenye mpango wa ulinzi akifika dharura, mapokezi wanaona hapohapo na ustawi wa jamii wa eneo lake wanapata taarifa hapohapo kwamba amefika, na unaonyesha pia ziara zake zilizopita za dharura hata kama zilikuwa hospitali nyingine. Wetu hauna hicho kitu. Wetu unajua ziara za kwetu tu. Mzazi akienda hospitali A leo na hospitali B mwezi ujao, ukanda wetu unaonyesha mtoto msafi ambaye hajawahi kuumwa, na hiyo inanitisha kwa sababu ukishazoea kuuamini ukanda, ukanda mtupu unakutuliza. Nyota niliyoipunguza kubwa yake ni hapa. Kampuni imeniambia teknolojia ipo, kinachokosekana ni makubaliano kati ya hospitali na sheria ya kubadilishana taarifa, sawa, lakini basi pale juu waandike wazi kwamba hizi ni ziara za hapa tu.

Mchoro wa mwili nao nausifia. Ukibonyeza sehemu na kuandika kwamba ni alama ya kuvilia damu, mfumo unaangalia umri na kuitumia kanuni inayoitwa TEN-4-FACESp. Jina gumu, kanuni rahisi, na hata mzazi au mwalimu wa chekechea akiijua si vibaya. Kwa mtoto wa chini ya miaka 4: alama ya kuvilia damu kwenye kiwiliwili, masikio au shingo ni ya kushtua. Kichanga wa miezi 4 na kushuka, alama popote pale ni ya kushtua, hata ndogo kama punje ya dengu. Alafu yanaongezwa maeneo ya uso, kile kijinyama cha mdomo nilichokitaja, kona ya taya, shavu pale penye nyama, kope, na damu kwenye weupe wa jicho, na mwisho alama yoyote yenye umbo, kama mstari, duara, meno au vidole. Mtoto anayetembea akiumia magoti, miundi na kipaji cha uso hilo halimshtui mtu, ndivyo watoto wanavyojifunza kutembea. Walioipima kanuni hii Marekani walitumia watoto 2,161 wenye alama za kuvilia damu, matokeo yakatoka 2021, iliwakamata asilimia 95 ya waliofanyiwa ukatili na iliwaacha kwa amani asilimia 87 ya walioumia kwa bahati mbaya tu.

Nisisitize hapa kwenye "asilimia 87", maana kuna wenzetu wanasoma alama ya machungwa kama hukumu. Asilimia 13 iliyobaki ni watoto walioumia kwa bahati mbaya tu lakini kanuni ikawashtukia, yaani wazazi wasio na kosa lolote. Kuna watoto wenye magonjwa ya damu isiyoganda, kuna wenye mifupa inayovunjika kwa urahisi toka kuzaliwa, na kuna yale mabaka ya bluu-kijivu ya kuzaliwa nayo mgongoni na makalioni ambayo watoto wengi wenye ngozi nyeusi wanayo, daktari asiyeyazoea anaweza kudhani mtoto kapigwa. Moduli ina kitufe cha "baka la kuzaliwa" kwenye mchoro na likishaandikwa linabaki kwenye faili siku zote. Hicho kitufe nakipenda mno, kinamlinda mama wa watu asije akahojiwa miezi sita baadaye kwa alama aliyozaliwa nayo mwanae. Andikeni mabaka jamani, andikeni siku ya kwanza.

Kwa ngozi nyeusi pia kuna shida upande wa pili, alama halisi haionekani vizuri, taa ya chumba cha dharura ni mbovu, ni lazima uguse, uulize panauma, utafute uvimbe. Moduli haikukumbushi hilo. Na naomba waondoe kile kisanduku cha "rangi ya alama" chenye chaguo la "mpya, siku tatu, wiki" kwa sababu kukadiria siku za alama kwa kuangalia rangi yake hakuaminiki, ilishajulikana muda mrefu, na ukiandika "wiki" alafu kesi ikafika mahakamani wakili atakushika hapohapo.

Sasa makosa, na hili la kwanza limeniumiza roho kuliko yote. Sehemu ya uchunguzi wa daktari ina maneno yaliyokwisha kujazwa. Ukifungua unakuta: "Moyo: kawaida. Mapafu: kawaida. Ngozi: kawaida." Daktari anabadilisha pale penye tatizo tu, mengine anayaacha. Maana yake mtoto aliyeletwa na kikohozi, akasikilizwa kifua kupitia uwazi wa fulana, faili yake inasema ngozi ni ya kawaida wakati ngozi yake hakuna aliyeiona. Miezi mitatu baadaye mtu anakuja kuuliza alama hizi zimeanza lini, anafungua rekodi, anasoma "ngozi: kawaida" yenye saini ya daktari, na hiyo sentensi ambayo hakuna binadamu aliyeiandika inakuwa ushahidi. Nililikuta kwa macho yangu, kichanga mmoja mapokezi tuliandika "kidoa cha bluu nyuma ya sikio", saa moja baadaye kwenye faili ileile ngozi ya kawaida. Hakuna aliyedanganya. Kompyuta ndo iliyosema uongo kwa jina la daktari. Tulipeleka malalamiko na ilichukua miezi mitano.

La pili, kubofya "hapana" sita mfululizo. Lipo, nisifiche. Zamu ikizidiwa unaona mtu anabofya sita kwa sekunde nne na mtoto hajafika hata kitandani. Na mfumo unaruhusu. Hapa kuna jambo wauzaji hawalitaji, utafiti mwingine wa Uholanzi wa 2016 uliipima orodha ya maswali kama haya kwa watoto wadogo walioumia, na katika kila watoto 100 ambao fomu iliwawashia taa, wataalamu walithibitisha ukatili wa kupigwa kwa kama 3 tu. Watatu. Kwa hiyo nesi anayepiga simu kwa ustawi wa jamii kila taa inapowaka atajikuta amekosea mara nyingi sana, na baada ya wiki chache moyo unachoka anaanza kubofya hapana. Dawa yake si kuzima taa. Sisi tumekubaliana kwamba taa ikiwaka kinachofuata ni mtu mzima mwenye uzoefu kuja kumwangalia mtoto upya akiwa hana nguo na kusoma historia yote, kabla ya simu yoyote. Kampuni haikutuelekeza hivyo, maelekezo yao yanaishia kwenye kitufe cha "nimeona". Nimeona halafu?

La tatu linahusu karatasi ya kuruhusiwa. Mwezi wa kwanza tahadhari ilikuwa inachapishwa kwenye ile karatasi anayopewa mzazi, chini kabisa kwa herufi ndogo, "tahadhari: usalama wa mtoto, fuatilia". Mwenzangu aliiona wakati mama keshaishika mkononi na mume amesimama pembeni anaisubiri. Fikiria kinachoweza kutokea nyumbani usiku ule. Aliirudisha kwa kusingizia kuna dawa imekosewa. Walirekebisha haraka, hilo nawapa, lakini lilitakiwa liwe jambo la kwanza kabisa kufikiriwa, na sasa hivi ambapo wazazi wanafungua rekodi za watoto wao kwenye simu ndo hatari zaidi. Kabla hamjanunua chochote ulizeni swali hili mapema: anayemuumiza mtoto akiingia kwenye akaunti ya mtoto, ataona nini? Wakuonyesheni kwenye skrini, msikubali maneno.

La nne kwa ufupi, misimbo, yaani zile namba tunazoupa kila ugonjwa au jeraha kwenye rekodi. Kwenye ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo hiyo, ukatili, ukiwemo wa mtoto, una msimbo T74, na toleo la Marekani tangu Oktoba 2015 limetenganisha, T74 kwa uliothibitika na T76 kwa unaoshukiwa. Moduli yetu ina mmoja tu. Matokeo yake daktari mwenye wasiwasi lakini hana uhakika hataki kuweka neno zito hivyo, anaweka "mvunjiko wa paja" anaondoka. Mwisho wa mwaka anayehesabu kwa misimbo anapata idadi ndogo kuliko hali halisi, bajeti ya afisa ustawi inapangwa kwa hiyo idadi ndogo. Tunaye mmoja kwa idara nzima.

Kuna swali nimeulizwa sana na wazazi na nalichukulia kwa uzito: je mfumo kama huu hautawaonea maskini, wazazi wasio na ndoa, wageni? Jibu langu ni kwamba macho yetu yanaonea zaidi. Kuna utafiti wa Marekani wa 1999 uliofuatilia watoto 173 walioumizwa kichwa kwa makusudi, 54 kati yao, asilimia 31, walikuwa wameshaonwa na daktari na hakugundua. Na waliopita zaidi bila kugunduliwa ni watoto wazungu na wale ambao baba na mama wanaishi pamoja. Yaani daktari aliona familia inayofanana na anavyodhani familia salama inafanana, akatulia. Kumi na tano kati yao wakaumizwa tena, na vifo vinne kati ya vitano vya kundi lile huenda vingezuilika. Kwa hiyo swali linaloulizwa kwa kila mtoto bila kuchagua, na kanuni inayoangalia sikio na shingo badala ya viatu vya mzazi, mi naiona ni haki kwa pande zote mbili. Nimekagua moduli yetu, haina kisanduku cha kipato wala kabila wala ndoa. Ibaki hivyo.

Ninachotamani waongeze ni upande wa watu wazima. Mji wa The Hague tangu mwisho wa 2007 wana utaratibu ambapo mgonjwa ni mzazi mwenyewe, kaletwa dharura kwa sababu kapigwa na mwenza, au kajaribu kujiua, au kalewa kupita kiasi kwa pombe au dawa, anaulizwa kama ana watoto nyumbani, na kama wapo taarifa inapelekwa. Zaidi ya 9 kati ya 10 ya taarifa hizo zilithibitika kwamba watoto kweli walikuwa hawako salama. Linganisha na wale 3 kwa 100. Mtoto mwenyewe hajafika hospitali, hana hata jeraha, lakini rekodi ya mama yake imeshasema. Kwetu sisi wagonjwa wazima wako jengo la pili na mfumo wao hauulizi lolote kuhusu watoto. Mama anashonwa nyusi anarudi nyumbani, na mi niko huku upande wa pili nasubiri mwanae aletwe.

Kwa wanaoanza kutumia, ushauri wangu wa kuandika, maana moduli yoyote inakula kile unachoilisha. Neno "ameanguka" peke yake ni sumu. Ameanguka kutoka wapi, urefu gani, kaangukia nini, nani aliona, saa ngapi, alilia hapohapo au alinyamaza. Andika maneno ya mleta mtoto kama alivyoyasema ukiyaweka kwenye alama za kunukuu, na uandike ni nani aliyesema, baba, bibi, dada wa kazi. Mtoto anayeongea, mwandike kwa maneno yake hata kama ni nusu sentensi, na usimuulize mbele ya aliyemleta. Usiandike "mzazi anadanganya", andika "maelezo ya kwanza: kitandani, maelezo ya pili: ngazi". Picha piga na rula pembeni ya jeraha. Na kama umemkagua mwili mzima hukukuta kitu, andika hivyo, "amevuliwa nguo zote, hakuna alama", kwa sababu atakayempokea mwezi ujao atajua kwamba tarehe ile palikuwa safi. Kwa mtoto wa chini ya miaka 2 anayeshukiwa kupigwa, eksrei za mwili mzima ndo mwongozo, na zinarudiwa baada ya wiki mbili hivi kwa sababu mvunjiko mpya wa mbavu unaweza usionekane leo ukaonekana ukianza kuunga.

Nimalizie na lile la "ngozi: kawaida". Toleo jipya limekuja wiki mbili zilizopita, sehemu ya ngozi sasa inafunguka tupu, na huwezi kufunga faili ya mtoto wa chini ya miaka 4 mpaka uchague "amevuliwa nguo zote" au "hakukaguliwa" na sababu. Wamelalamika wengi, kwamba linachelewesha. Juzi usiku nilikuwa na daktari kijana, mgeni kabisa kwetu, mtoto wa mwaka mmoja kaja na homa. Kamaliza kifua, kamaliza masikio, karudi kwenye kompyuta, kasimama pale akaisoma ile sehemu tupu. Alafu akarudi kitandani, akamwomba mama ruhusa, akaanza kumvua soksi.